Kipima umbali cha kuwindia kwa upinde: kukichagua, kukijaribu na kukitumia

Wengi wanaoanza kuwinda kwa upinde huku Marekani hununua kipima umbali kwa kuangalia namba moja tu, ile kubwa iliyoandikwa kwenye boksi. Yadi 1,000. Yadi 1,500. Duka likiwa na cha yadi 2,000 kwa bei ya punguzo, ndicho wanachokimbilia. Kisha Oktoba inafika, jua linazama, kulungu anajitokeza ukingoni mwa shamba la mahindi yadi 33 kutoka kwenye mti uliokaa juu yake, unainua kifaa jichoni na huoni namba yoyote. Maandishi ya skrini ni meusi, msitu ulio nyuma yake ni mweusi.

Kifaa hiki, ambacho wenzetu wanakiita renjifainda, kwa mtu wa upinde hufanya kazi yake yote ndani ya yadi 60 za kwanza, na mara nyingi ndani ya dakika 20 za mwisho za mwanga. Ukilishika hilo, nusu ya matangazo ya dukani hayakuhusu tena.

Naandika kwa ajili ya ndugu zetu wa Grand Rapids, Louisville, Des Moines na kwingineko ambao wamekaribishwa kwenye uwindaji na wafanyakazi wenzao au majirani. Nyumbani wengi wetu hatukuwahi kuwinda. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani tangu 1977, na Tanzania huwindi bila kibali. Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi wanapiga upinde bila kipimo chochote, lakini wao wameshika upinde tangu utotoni na hujongea mpaka karibu sana. Mimi na wewe tulioanza ukubwani tunahitaji msaada.

Nikisema kulungu namaanisha yule wa mkia mweupe wa Marekani Kaskazini. Si kulungu wa misitu ya kwetu, ila ndilo jina tunalomwita huku.

Kwa nini yadi tano ni nyingi

Mwenye bunduki akikosea umbali kwa yadi tano, mara nyingi hata hajui kama amekosea. Risasi ina kasi kubwa mno, haijapata muda wa kushuka. Mshale ni habari nyingine. Upinde wa kisasa wa kapi, ule wenye magurudumu kwenye ncha, hurusha mshale kwa kasi ya futi 280 kwa sekunde hivi. Kwa kasi hiyo mshale unatumia karibu theluthi ya sekunde kufika yadi 30, na muda wote huo unaanguka.

Chukua mfano. Umeweka pini ya yadi 20, yaani alama ya kulengea kwenye upinde iliyopangwa kwa umbali huo, na mnyama yuko yadi 25: mshale utapiga chini kwa sentimita 7 hivi. Pini ya 30, mnyama yuko 35: sentimita 10. Pini ya 40, mnyama yuko 45: karibu sentimita 13. Sasa eneo la moyo na mapafu ya kulungu ni duara la sentimita 20 hadi 25, maana yake kutoka katikati hadi ukingoni una sentimita 10 hadi 12 tu. Kwa hiyo kosa la yadi tano kwenye yadi 20 linasameheka. Kwenye 30 umefika ukingoni. Kwenye 40 umempiga mguuni au kwenye kidari, na mnyama huyo atakwenda kufia vichakani baada ya siku kadhaa bila mtu kumpata.

Na jicho la binadamu hukosea kwa yadi tano kirahisi. Bonde lililo katikati, kivuli, mnyama mdogo anayeonekana mkubwa kwa sababu yuko peke yake uwandani, vyote vinadanganya. Ndiyo maana katika vifaa vyote vya uwindaji wa upinde, baada ya upinde wenyewe, mishale na mkanda wa usalama wa mtini, hiki ndicho ningekinunua mwanzo. Ningekitanguliza hata mbele ya nguo za rangi ya majani.

Kinavyofanya kazi, kwa ufupi

Ukibonyeza kitufe, kifaa hutuma miale ya leza isiyoonekana kwa macho. Miale inagonga kitu, sehemu yake inarudi, na saa ya ndani inahesabu muda uliopita. Kwenda na kurudi yadi 40 huchukua kama robo ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Kifaa kinageuza muda huo kuwa umbali.

Kutokana na hapo unaelewa mambo mawili. La kwanza, kifaa hakimjui kulungu. Kinajua kitu kilichorudisha mwanga, na kitu hicho chaweza kuwa kijiti, jani, tone la mvua au wavu wa dirisha la hema la kujifichia. La pili, mwale una unene. Kwenye yadi 40 unaweza kuwa na upana wa vidole vitatu au zaidi, kutegemea kifaa, kwa hiyo ukilenga penye majani, sehemu ya mwale itagonga jani na sehemu itapita.

Hatua ya 1: Tazama ardhi unayowindia

Kabla ya kuingia dukani jiulize unawinda wapi. Swali hili linaamua kama utalipia kipengele cha kurekebisha mteremko.

Kipengele hicho kiko hivi. Mvutano wa ardhi huuvuta mshale kulingana na umbali wa mlalo, si umbali wa mshazari unaouona kwa jicho. Ukipiga kuelekea chini au juu ya mlima kwa umbali wa mshazari, mshale utapita juu ya pale ulipolenga. Kifaa chenye kipengele hiki hupima pembe na kukupa umbali wa kupigia. Kila mtengenezaji ana jina lake: Bushnell wanakiita ARC, Leupold wanakiita TBR, Vortex wanatumia HCD. Herufi zinatofautiana, ila kwa mtu wa upinde lengo ni moja.

Sasa nikwambie jambo ambalo wauzaji hawalitamki kwa sauti. Kama unawinda tambarare ukiwa kwenye dungu lililofungwa mtini, futi 20 kutoka chini, tofauti yenyewe ni ndogo. Kulungu aliye yadi 20 kwa mlalo, ukimpima kwa mshazari utapata yadi 21 na kidogo. Aliye yadi 30 utapata karibu 31. Yadi moja haimwokoi wala haimponzi mnyama. Wanaokosa kutoka mtini, wengi wanakosa kwa sababu wanashusha mkono wa upinde badala ya kukunja kiuno, na hilo hakuna kifaa cha kulitibu.

Milimani hesabu inageuka. Mteremko wa digrii 30, yadi 40 za mshazari ni kama yadi 35 za kupigia. Mteremko wa digrii 45, yadi 40 zinakuwa 28. Anayewinda Colorado au kwenye makorongo ya milima ya Appalachia asinunue kifaa kisicho na kipengele hiki, hata kwa zawadi. Kwa aliye kwenye mashamba ya Michigan au Iowa, ni kizuri kuwa nacho, na siku hizi hata vya bei ya kati vinacho, lakini usikubali kikupandishie bei kwa dola 150.

Na kama tayari una kifaa cha zamani kisichorekebisha, ukiwa mtini usipime shina la mti wa mbele kule chini kwenye mizizi. Pima shina hilo hilo mahali palipo usawa wa macho yako. Hapo umepata umbali wa mlalo bila gharama.

Hatua ya 2: Soma boksi kwa jicho la mnunuzi

Ile namba kubwa ni ya kitu kinachong'aa, kama kibao cha barabarani. Ukisoma maandishi madogo utakuta namba ya pili ya mti na ya tatu ya mnyama, ambayo mara nyingi ni nusu ya ile ya kwanza au chini yake. Kwa upinde hata hiyo ya tatu ni nyingi kupita kiasi. Usiilipie.

Namba unazozitaka ni hizi. Usahihi: nusu yadi ni vizuri sana, yadi moja inatosha. Umbali wa chini kabisa kinaoweza kupima: kuna vinavyoanzia yadi 5 na vingine 10 au zaidi, na kwa mtu wa upinde kinachoanzia mbali zaidi ya yadi 10 kina kasoro. Ukuzaji: mara 5 au 6 inatosha kabisa. Mara 7 au 8 unaona eneo dogo, mkono ukitetemeka picha yote inaruka, na kumpata mnyama aliye karibu ndani ya kioo inakuwa kazi.

Betri vingi hutumia ile fupi nene ya CR2. Hakikisha inapatikana kwenye duka la dawa la jirani, kwa sababu siku itakapoisha haitakuwa siku ya kuagiza mtandaoni.

Hatua ya 3: Kioo na skrini ndipo pesa yako iende

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapojutia.

Michigan, kama majimbo mengine mengi, saa halali za kumwinda kulungu zinaanza nusu saa kabla ya jua kuchomoza na kuisha nusu saa baada ya kuzama. Kulungu wanazijua dakika hizo kama sisi tunavyojua saa ya kufuturu. Wanatembea kwenye utusitusi. Kwa hiyo kifaa chako lazima kisomeke kwenye utusitusi.

Skrini ziko za aina mbili kuu. Ya kwanza ina maandishi meusi, ile ya LCD, kama ya saa ya mkononi ya zamani. Mchana ni safi na inakula betri kidogo. Jioni, ukimlenga mnyama wa kahawia mbele ya miti myeusi, namba nyeusi zinapotelea humo humo. Pia baridi kali huifanya ibadilike polepole, namba za zamani zikichelewa kufutika. Na ukivaa miwani ya jua ya kuzuia mng'ao, kuna pembe ambayo skrini yote inazima machoni pako.

Ya pili ina maandishi mekundu yanayowaka, inayoitwa OLED. Jioni inasomeka bila shida. Ila ikiwaka kupita kiasi jicho linapoteza uwezo wa kuona gizani. Unashusha kifaa na kulungu hujui yuko wapi. Kwa hiyo ukinunua nyekundu, hakikisha mwanga wake unapunguzika, na ujaribu ile ngazi ya chini kabisa kama kweli ni hafifu. Mchana wenye theluji ni kinyume chake, nyekundu hafifu haionekani, utahitaji kuipandisha. Nikiulizwa nichague moja, nachagua nyekundu, na sijawahi kujuta.

Kuhusu kioo, kuna hesabu rahisi. Gawanya upana wa lenzi ya mbele kwa ukuzaji. Lenzi ya milimita 24 kwa ukuzaji wa mara 6 inakupa 4. Lenzi ya milimita 21 kwa mara 7 inakupa 3. Hiyo ni milimita za mwanga unaoingia kwenye jicho lako, na jioni tofauti ya 3 na 4 unaiona waziwazi. Kwa wavaa miwani, uliza umbali wa jicho kutoka kwenye kioo: chini ya milimita 15 utakuwa unaona picha iliyokatwa kingo.

Dukani taa ni kali, kila kifaa kinaonekana kizuri. Mwombe muuzaji utoke nacho mlangoni jioni, uelekeze kwenye kivuli cha jengo au miti iliyo mbali. Wengi hukubali ukiacha kitambulisho. Asipokubali, nunua mahali wanaporuhusu kurudisha mzigo.

Hatua ya 4: Modi ya kuchagua kitu cha mbele au cha nyuma

Mwale ukigonga vitu viwili, kifaa kikupe namba ya kipi? Vifaa vya gofu hupendelea kilicho karibu, kwa sababu mchezaji anataka bendera na si miti iliyo nyuma yake. Mwindaji anataka kinyume: mnyama yuko nyuma ya nyasi na vijiti. Kwa hiyo tafuta kifaa chenye modi ya kuchagua kitu cha nyuma. Bushnell, kwa mfano, wana modi inayoitwa Brush kwa kazi hiyo. Kulungu akiwa peupe, modi ya kitu cha mbele ni salama zaidi, maana ya nyuma inaweza kumruka ikakupa mti ulio nyuma yake.

Ndiyo maana nasisitiza usinunue kifaa cha gofu kwa kuwa tu kiko kwenye punguzo, isipokuwa kama modi inabadilishika.

Kuna pia modi ya kuendelea kupima ukiwa umeshikilia kitufe. Hii ni nzuri sana. Mnyama anatembea, wewe unateleza naye, namba zinabadilika: 41, 38, 36. Ukiona namba inaruka ghafla kutoka 36 hadi 22 ujue umegonga kichaka cha mbele, na ikiruka hadi 70 umempita mnyama.

Leupold wana vifaa vya FullDraw vilivyotengenezwa kwa ajili ya upinde pekee: unaingiza kasi ya mshale wako na uzito wake, na kifaa kinakuonyesha mshale utapita juu kiasi gani njiani, ili ujue kama tawi lililoning'inia litaugusa. Anayewinda msitu mnene atakifurahia. Kwa aliye ukingoni mwa shamba si lazima.

Hatua ya 5: Mkono mmoja, bila sauti

Ukipiga kwa mkono wa kulia, upinde uko kushoto. Kwa hiyo kifaa utakishika kulia, utabonyeza kwa kidole cha shahada, na utakirudisha mahali pake bila kuangalia chini. Jaribu hivyo hivyo dukani, ukiwa na glavu utakazovaa Novemba. Kitufe kidogo kilicholala sawasawa na mwili wa kifaa hakipatikani kwa glavu nene.

Kisha sikiliza. Bonyeza kifaa kikiwa sikioni. Kuna vitufe vinavyotoa sauti kali ya "tik" kama kalamu ya kubonyeza. Msituni asubuhi ya baridi isiyo na upepo, kulungu aliye yadi 20 atainua kichwa. Mfuko unaokuja na kifaa nao uchunguze: ule wa kubandua unatoa sauti ya kuchana nguo, utupe, nunua wa sumaku au wa mpira wa kuvuta. Na ufunge kifaa kwa kamba fupi kifuani au begani. Kikiponyoka kutoka futi 20 juu, umepoteza kifaa na mawindo ya siku hiyo pamoja.

Hatua ya 6: Bei

Kati ya dola 100 na 150 unapata vya kuanzia, mara nyingi skrini nyeusi, usahihi wa yadi moja. Vinafanya kazi mchana vizuri tu. Kati ya 200 na 300 ndipo wengi wetu tunapopaswa kusimama: skrini nyekundu hupatikana hapa, kioo kinapanda daraja, mteremko unarekebishwa. Kuanzia 400 kwenda juu unalipia umbali mrefu na mahesabu ya risasi, mambo ya watu wa bunduki, isipokuwa vile vichache vya upinde nilivyovitaja. Angalia pia dhamana. Vortex wanajulikana kwa dhamana ya maisha, na kwa kifaa cha elektroniki kitakachokaa kwenye mvua na theluji hilo ni jambo la kuhesabu.

Darubini zenye kipima umbali ndani yake ni nzuri kwa wawindaji wa milima ya magharibi, lakini ni ghali, nzito, na zinataka mikono miwili. Kutoka mtini sizipendekezi.

Vipo pia vya kufunga kwenye upinde wenyewe, kama Xero A1 ambayo Garmin waliitoa 2018: unavuta ugwe, unabonyeza, pini inajiwasha mahali pake. Ni teknolojia ya kuvutia, ila sheria za majimbo haziko sawa kuhusu elektroniki iliyofungwa kwenye upinde, hata pale ambapo kifaa cha mkononi kinaruhusiwa bila neno. Klabu ya Pope and Young, iliyoanzishwa 1961 na inayoweka rekodi za wanyama waliopigwa kwa upinde Marekani Kaskazini, nayo kwa muda mrefu imekuwa na masharti juu ya vifaa vya namna hiyo. Soma kijitabu cha kanuni za jimbo lako cha mwaka huu kabla ya kulipa. Na usisahau kozi ya usalama: Michigan inaidai kwa kila aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1960 au baadaye.

Hatua ya 7: Yadi au mita

Hatua hii ni yetu sisi tuliosoma kwa mita. Kifaa changu cha kwanza nilikinunua mkononi mwa mtu. Wiki nzima ya Septemba nilikuwa napiga shabaha ya sponji nyuma ya nyumba, na kila mshale wa "40" ulikuwa unapiga chini, kiasi cha upana wa kiganja. Nikabadilisha mishale. Nikahamisha pini. Nikaanza kutilia shaka bega langu. Jirani mmoja mzee akachukua kifaa, akachungulia, akanionyesha herufi ndogo pembeni mwa namba: M, si Y. Mita 40 ni yadi 43.7. Nilikuwa nasimama karibu yadi nne nyuma ya pale nilipodhani nimesimama.

Baya zaidi lingetokea baadaye. Kama ningezoea pini zile nilizozihamisha kwa mita, halafu rafiki akanong'oneza "thelathini na tano" kwa yadi, ningemjeruhi mnyama. Weka kifaa kwenye yadi, kwa kuwa pini, shabaha za klabu na wenzako wote wanazungumza yadi. Kisha kila unapobadilisha betri angalia tena ile herufi, kwa sababu kuna vifaa vinavyorudi kwenye mpangilio wa kiwandani betri ikitoka.

Hatua ya 8: Majaribio ya nyumbani, ndani ya siku za kurudisha mzigo

Tafuta futi kamba ndefu. Simamisha kipande cha kadibodi kwenye yadi 20, 30 na 40 zilizopimwa kwa kamba. Pima kila kimoja mara kumi. Namba ikicheza kwa yadi moja sawa. Ikicheza kwa mbili au tatu kirudishe.

Tafuta nguzo ya umeme yenye anga tupu nyuma yake. Ukiwa kwenye modi ya kuendelea kupima, sogeza alama ya kulengea iliyo ndani ya kioo polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Angalia namba inatokea alama ikiwa wapi na inapotea wapi. Ikitokea kabla alama haijagusa nguzo, au ikipotea alama ikiwa bado juu ya nguzo, leza na alama haviko mahali pamoja. Tofauti ndogo unaikariri na kuifidia. Kubwa, kirudishe.

Weka shabaha nyuma ya kichaka chembamba na ujaribu modi zote mbili. Hapa utajifunza zaidi kuliko kwenye kitabu cha maelekezo.

Mwisho kiache nje usiku kucha kwenye baridi, ndani ya mfuko wake, ukijaribu alfajiri. Usikipumulie, pumzi ya moto kwenye kioo baridi inatia ukungu na utasubiri dakika nzima. Betri ya akiba ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili, kwa kuwa baridi huiua nguvu.

Hatua ya 9: Pima kabla mnyama hajafika

Kifaa bora ni kile ambacho hukuhitaji kukiinua. Ukishapanda mtini, ukajifunga mkanda wa usalama, ukavuta upinde juu kwa kamba, kazi inayofuata ni kupima mazingira kungali na utulivu. Kisiki kile ni 18. Jiwe jeupe 26. Mti ulioinama 31. Kona ya uzio 42, na mimi huko sipigi. Rudia kwa kunong'ona mpaka zikae kichwani. Baadhi ya watu hufunga utepe kwenye vijiti, lakini mimi naona vitu vya asili vinatosha.

Kulungu akija, unajua tayari. Akipita kati ya kisiki na jiwe yuko kati ya 18 na 26, na ukipata nafasi ya kuinua kifaa, iwe wakati kichwa chake kiko nyuma ya mti au amekiinamisha kula. Pima mara moja, rudisha kifaa, shika upinde. Ukiwa umeshavuta ugwe, halafu mnyama akasogea hatua tatu, ongeza au punguza kwa kutazama alama zako.

Kifaa pia hakikuongezei masafa. Kujua kwamba yuko yadi 52 hakumaanishi uweze kupiga yadi 52. Mpaka wako ni ule umbali ambao mishale yako, ukiwa umechoka na una baridi, bado inaangukia ndani ya sahani ndogo. Kwa wengi ni 30, kwa waliofanya mazoezi sana 40. Na kumbuka mnyama anasikia. Sauti ya ugwe inamfikia kwenye yadi 30 kwa sekunde 0.08, mshale unahitaji zaidi ya 0.3. Kulungu aliyeshtuka anachuchumaa ili akimbie, na mshale sahihi kabisa unapita juu ya mgongo wake. Ndiyo sababu kulungu aliyetulia kwenye yadi 22 ni bora kuliko mwenye wasiwasi kwenye 35, hata kama kifaa kinakupa namba safi ya wote wawili.

Ukishapiga

Usishuke mara moja. Chukua tena kifaa. Pima pale mnyama alipokuwa amesimama mshale ulipomfikia, kisha pima pale ulipomwona mara ya mwisho kabla hajapotelea msituni, na ukumbuke kila sehemu iko upande wa mti gani. Andika namba zote mbili kwenye simu. Kutoka juu ya mti kila kitu kinaonekana karibu na wazi. Ukiwa chini nyasi zinafika kiunoni na pale pote panafanana. Subiri nusu saa ikiwa una hakika mshale umepita kwenye mapafu, masaa kadhaa ikiwa umeuona umeingia nyuma zaidi. Halafu shuka, simama kwenye ile sehemu ya kwanza, geuka upime dungu lako. Namba ikilingana na ile uliyoiandika, uko mahali penyewe; inama uanze kutafuta damu.